Picha Iliyolala Mlimani

Tangu asubuhi Shangazi Alinanuswe alikuwa amemkalisha Atupele kwenye kigoda nyuma ya jiko, anamsugua mikono kwa limau na dodoki kama mtu anayesugua sufuria ya msibani.

"Haya majivu yameingia mpaka kwenye damu," alisema shangazi. "Leo unaposwa, huendi kupalilia. Lete kidole hicho."

"Hakitakati, shangazi. Hayo ni maji ya maganda ya kahawa."

"Kitatakata. Mimi siku yangu nilisuguliwa mpaka kucha ikang'oka, na mwanamume mwenyewe nilikuwa simpendi. Wewe unayempenda wako unalalamika nini?"

Atupele alicheka, akatoa kidole. Alimpenda Edson, na kijiji kizima cha Ikinga kilijua hivyo, kwa sababu mapenzi yao yalikuwa yamelala mlimani, mbele ya nyumba ya baba yake, mahali ambapo kila mpita njia aliweza kuyakanyaga.

Ulikuwa mteremko uliochoka. Mzee Nathanaeli Mbonile, baba yake Atupele, alikuwa ameng'oa mibuni mizee pale, akapaacha papumzike. Atupele akapaomba. Kwenye simu alikuwa amejifundisha mwenyewe kuchora, usiku hadi usiku, kwa kukosea na kufuta. Lakini picha ya kwenye simu ilikuwa ndogo mno kwa alichotaka kusema. Alitaka kumchora marehemu mama yake akipepeta, na alitaka amchore mkubwa kiasi cha kuonekana na mawingu.

Edson alikuja Ileje kupiga picha za harusi, na droni yake ikaangukia kwenye mibuni ya Mzee Mbonile. Atupele ndiye aliyeiokota. Alipomrudishia hakumuuliza bei yake wala kama inauma. Aliuliza, "Ikiwa juu, inaona nini?" Edson akamwonyesha, wakasimama wameinamia kioo kimoja mpaka bwana harusi akatuma mtu kuja kumtafuta mpiga picha.

Tangu hapo walifanya kazi pamoja. Droni ilipiga picha ya mteremko mtupu. Atupele akaifungua kwenye simu, akaigawa viraba, akachora juu yake kwa kidole. Kisha akapanda mlimani na vigingi na kamba, akaigawa ardhi viraba vilevile, na kila kiraba akakijaza sawasawa na mchoro: hapa majivu meupe, hapa maganda ya kahawa yaliyooza yakawa meusi, hapa magunzi ya mahindi, hapa udongo mwekundu wa kingo za mto. Penye nywele za mama alisia ulezi, ili mvua ikinyesha nywele ziote. Edson alikuwa akirudi kila alipopata nafasi, anapiga picha kutoka juu, anaziunganisha kwenye kompyuta yake moja baada ya nyingine na kuziweka mtandaoni, mpaka mwanamke yule akawa kama anapumua.

Ukisimama ardhini huoni kitu ila mafungu ya takataka. Ukitazama kutoka juu unamwona mama, na ungo wake, na makapi yakiruka na upepo.

"Haya," alisema shangazi, akimkagua kucha kwa kucha. "Mikono sasa ni ya mtu. Ingia ndani, gari hilo linapanda."

Wageni walikuwa watatu. Mama Ketrina, mama yake Edson, mfanyabiashara wa vitenge Tunduma, mjane aliyesomesha watoto kwa kuvuka mpaka na mabunda kichwani kabla hajawa na duka. Mzee Zabron, baba mdogo wa Edson, ambaye ndiye mshenga. Na Edson mwenyewe, ambaye kwa desturi hakupaswa kuwepo kabisa siku ya posa yake.

"Mimi leo ni dereva tu, baba," alimwambia Mzee Mbonile mlangoni, akiwa na ufunguo wa gari mkononi.

"Ndaga, asante, dereva, karibu," mzee alijibu. "Kaa hapo karibu na mlango. Na dereva hasemi."

Watu wakacheka. Edson akakaa karibu na mlango. Macho yake yalimtafuta Atupele, yakampata, yakakaa hapo muda mrefu kuliko inavyofaa kwa dereva. Atupele akainamisha uso kuficha furaha.

Aliingia na birika na beseni kuwanawisha wageni. Alianza na Mzee Zabron, kisha akapiga magoti mbele ya Mama Ketrina. Mama yule alinawa, akajifuta, halafu badala ya kumwachia aende akaishika mikono yake yote miwili, akaigeuza viganja juu.

"Tazama," alisema kwa sauti ya kushukuru. "Misafi. Sikufichi mwanangu, nilikuwa na hofu."

"Hofu ya nini, mama?"

"Kuna dada mmoja kanisani kwetu alinionyesha kwenye simu. Msichana anazunguka shambani alfajiri, majivu mpaka kwenye viwiko, anapigilia vigingi huku na huku, anafunga kamba. Nikasema awe, hapana, huyo kwangu haingii. Sisi watu wa Tunduma tumeona mengi. Mtu haweki majivu na vigingi kwenye shamba kwa nia njema. Edson ndiye aliyenituliza. Akaniambia, mama, vile vitu havipo. Ni kompyuta, ni hii akili mnemba. Unaiambia maneno, inakuchorea mlima. Hata yule msichana si mtu, ni picha imetengenezwa." Alimpapasa kiganja. "Nilimshukuru Mungu. Nikasimama mbele ya akina mama wote kanisani nikawaeleza. Sasa wanajua mkwe wangu ni msichana wa simu tu, hagusi uchafu."

Maji yalikuwa yakimwagika. Atupele alikuwa ameinamisha birika bila kujua, na beseni lilikuwa linafurika kwenye mkeka.

Alimtazama Edson. Edson alikuwa anatazama ufunguo wa gari.

"Samahani, mama," alisema Atupele, akainuka, akatoka na beseni.

Hakulimwaga penye mfereji. Alikwenda nalo mpaka ukingoni mwa mteremko, akasimama. Mbele yake lilikuwa bega la kushoto la mama yake, fungu refu la majivu lililozungushiwa mawe. Alisikia nyayo nyuma yake. Alizijua.

"Nimewaambia naangalia gari," alisema Edson.

"Mimi si mtu, Edson?"

"Tupele, nisikilize kwanza."

"Nimesikiliza. Nimepiga magoti nikamshikia mama yako beseni, nikasikiliza mpaka mwisho."

"Sikukusudia ifike huko. Alikuwa ameshasema hapana. Unamjua mama? Akishasema hapana hata mchungaji hamgeuzi. Kanisani yeye ndiye kiongozi wa akina mama, wanamtazama yeye. Ilikuwa nimpe kitu cha kushika mkononi, usiku uleule, au nikukose."

"Ungempa ukweli."

"Ukweli gani? Kwamba unazunguka na majivu alfajiri?"

"Ndiyo. Kwamba nazunguka na majivu alfajiri kwa sababu mchana upepo unayapeperusha. Kwamba vigingi ni vya kupimia. Maneno mawili hayo, Edson. Wewe unaunganisha picha mia za mlima, maneno mawili yakakushinda kuunganisha?"

Edson akapumua. Alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio uliompendeza Atupele tangu siku ya kwanza. Leo aliuona upole ule kwa upande wake wa pili, na ulikuwa mwembamba.

"Picha si zipo palepale?" alisema. "Hakuna kilichopungua. Tukishaoana, mama akishakuzoea, nitamweleza polepole. Atacheka."

"Na mimi huko kwenu, mpaka atakapocheka, nitakuwa nafanya nini?"

"Utapumzika kidogo na udongo. Unaweza kuchora kwenye simu. Kwa muda tu."

"Kwa muda tu nisiwe mtu."

"Usiseme hivyo."

"Nimesema mimi? Wewe ndiye umesema. Umewaambia watu wa Tunduma kwamba msichana yule hayupo. Wameniona kwa macho yao, nikiwa nimeinama, jasho linanitoka, wewe ukawaambia macho yao yamedanganywa." Sauti yake haikupanda. Ilizidi kushuka, na Edson alilazimika kusogea ili aisikie. "Yule ni mama yangu amelala pale."

"Najua."

"Hujui. Wewe umemwona kutoka juu tu. Mimi nimebeba mabega yake kwa tenga."

Upepo ulichukua majivu kidogo kutoka ukingoni, ukayaweka kwenye kiatu cha Edson kilichong'arishwa, naye bila kufikiri akainama kuyapangusa. Atupele alikiona kitendo kile. Moyo wake ulimchoma kuliko maneno yote.

"Mimi ndiye niliyemwonyesha mama yako kwa watu," alisema Edson akiinuka. "Hilo huwezi kulikataa. Bila droni angeonwa na ndege."

"Ni kweli. Na ni wewe uliyerudi ukawaambia watu hakuna kitu."

Edson alisogea akamshika kiwiko. Mkono ule ulikuwa na joto alilolijua, na shati lile lilikuwa na harufu ya sabuni aliyomnunulia mwenyewe sokoni Isongole. Atupele alitamani kuweka paji la uso pale, penye kifungo cha pili, alie mpaka amalize. Akakasirika zaidi kwa sababu alitamani. Alijitoa taratibu.

"Kaseme ndani," alimwambia. "Kabla shangazi hajaniita. Mwambie mama yako mbele yangu kwamba ni mikono hii. Akikataa, akatae. Nitajua nimekataliwa mimi, siyo kompyuta."

"Leo sina mdomo, unajua desturi. Baba mdogo ndiye anayesema kwa niaba yangu."

"Ulipokuwa unanifuta kule nyumbani kwa mama yako, aliyesema kwa niaba yako alikuwa baba mdogo?"

Edson alifungua kinywa. Ndipo sauti ya shangazi ikaja kutoka jikoni, nene, haijali nani anasikia.

"Atupele. Posa inakusubiri ndani, wewe umesimama nje unapiga soga na dereva."

Sebuleni Mzee Zabron alikuwa tayari katikati ya hotuba yake. Alikuwa mtu wa maneno mengi na alikuwa amejiandaa.

"Tulikuwa safarini zetu," alisema, "tunakatiza hii milima ya Ileje, tukaona moshi unafuka. Nikamwambia shemeji yangu, penye moshi pana jiko. Na sisi nyumbani kwetu pana kijana analala njaa."

"Humu majiko ni mengi," alisema Mzee Mbonile kwa utulivu. "Dada yangu huyu Alinanuswe naye ni jiko, mumewe alishafariki. Mnataka yeye?"

"Huyo ana moto mkali, mzee. Kijana wetu ataungua."

Hata Mama Ketrina alicheka. Juu ya meza palikuwa na sinia lenye barua ya posa, limefunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa. Desturi ya nyumba ile ilikuwa nyepesi na kila mtu aliijua. Binti ataulizwa kama anawafahamu wageni. Akisema anawafahamu, atainua sinia na kumkabidhi baba yake, na kuanzia hapo wageni si wageni tena. Kabla ya siku ile, katika nyumba ya Mbonile, hakuna binti aliyewahi kujibu vinginevyo. Swali lilikuwa la heshima tu, kama hodi ya mtu ambaye mlango ameshafunguliwa.

Atupele alipiga magoti kwenye mkeka ambao bado ulikuwa na maji. Edson alikuwa amerudi kwenye kiti chake cha mlangoni.

"Mwanangu," alisema shangazi, sauti yake sasa ikiwa ya baraza. "Wageni hawa unawafahamu?"

"Shangazi, kabla sijajibu, naomba mshenga amuulize mtu wake neno moja."

Shangazi aligeuza shingo. Mzee Zabron alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole anayejua kukanyagwa kule hakukuwa kwa makusudi.

"Binti haulizi," alisema. "Binti anaulizwa. Sijui huku kwenu Undali, lakini kwetu ndivyo."

"Hata huku ndivyo," alisema Mzee Mbonile. Alimtazama binti yake kwa muda. Alikuwa amemwona akipanda na kushuka mteremko ule msimu mzima na hakuwahi kumuuliza unafanya nini, ila siku moja alimchongea vigingi vipya, akaviacha mlangoni kwake. "Basi ni mimi ninayeuliza. Mwanangu, niambie niulize nini."

"Baba, uliza picha iliyopo kwenye mlima huu mbele ya nyumba aliitengeneza nani."

"Mmesikia," mzee aliwaambia wageni. "Nauliza hivyo."

Mzee Zabron alishusha pumzi. "Kumbe ni hilo? Hilo jepesi, mzee wangu. Tulishaelezwa, na wala hatuna neno nalo. Ni kompyuta."

Akageuka kumtazama Edson, kwa namna ambayo mtu humtazama shahidi wake. Mama Ketrina naye akageuka. Shangazi akageuka. Nje kuku alikuwa anaparua ukutani, na sauti yake ilisikika yote.

Atupele peke yake hakugeuka. Alikuwa anatazama mkeka. Alijisemea moyoni, sema, mpenzi wangu. Vunja desturi. Desturi nitairekebisha mimi, nitaomba radhi kwa wote, nitapiga magoti mpaka yachubuke. Sema tu.

"Edson?" mama yake aliita.

Kiti cha mlangoni kililia.

"Baba mdogo ameshajibu," alisema Edson.

Atupele alifumba macho, akayafumbua.

"Shangazi," alisema. "Niulize tena."

Alinanuswe alikuwa mwanamke aliyekuwa na neno kwa kila jambo. Safari hii lilimchukua muda kulipata.

"Wageni hawa, mwanangu, unawafahamu?"

"Siwafahamu."

Sinia lilibaki pale lilipo. Mzee Zabron alitazama kitambaa cheupe kana kwamba kilikuwa kimemwahidi kitu. Mama Ketrina aliinuka, polepole, akishikilia goti.

"Tumetoka Tunduma," alisema. "Nimefunga duka. Nimevaa kitenge ambacho sijawahi kukivaa. Nije niambiwe sifahamiki na mtoto niliyemshika mikono sasa hivi?"

"Mama, mikono uliyoishika imesuguliwa kwa limau tangu asubuhi," Atupele alimjibu akiwa bado magotini. "Jana ilikuwa na majivu mpaka kwenye viwiko. Msichana uliyeonyeshwa kwenye simu ni mimi. Vigingi nilipigilia mimi, nilikuwa napima. Sijamroga mtu. Namchora mama yangu, na huwezi kumwona ukiwa chini, ndiyo maana nilimhitaji mwanao. Kama ulinikataa kwa ajili ya majivu, ulikuwa na haki ya kunikataa, ningelia nikanyamaza. Ila hukunikataa mimi wala hukunikubali mimi. Hujawahi kuambiwa kwamba nipo."

Hasira ilikuwa bado usoni pa Mama Ketrina, lakini ilikuwa inatafuta pa kwenda, na mwishowe ikapapata.

"Nilisimama mbele ya akina mama," alimwambia mwanawe. "Nikaapa, Edson. Kwa jina la Mungu nikaapa kwamba hakuna majivu."

"Mama—"

"Usiniite mama humu ndani. Hata mimi umenitengeneza kwa kompyuta."

Alilichukua sinia mwenyewe, akatoa barua, akaiingiza kwenye mkoba, akakikunja kile kitambaa mara mbili na kukiacha mezani. Kisha akamgeukia Mzee Mbonile, akapiga goti kidogo. "Mzee, chakula chenu tumekiona. Hatutakula. Si kwa dharau. Aibu imenijaa tumbo."

Walitoka. Watu wa jirani, waliokuwa wamekusanyika uani wakisubiri vigelegele, walifungua njia bila kuuliza. Atupele alikuwa bado kwenye mkeka aliposikia nyayo za mtu mmoja zikisimama nje, zikarudi, zikasimama tena.

"Ni yeye." Ilikuwa sauti ya Edson, na ilikuwa kubwa, ya kupasuka, sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake. "Sikilizeni wote. Ni yeye aliyeutengeneza mlima ule. Kwa mikono yake, kila fungu, mimi nilikuwa narusha droni tu. Nilimwogopa mama yangu nikasema uongo. Atupele, unanisikia? Ni wewe."

Uani mtu mmoja alianza kupiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

Mzee Mbonile aliweka mkono juu ya bega la binti yake. "Mwanangu," alisema, "amesema."

Mwili wote wa Atupele ulikuwa umeshageuka kuelekea mlangoni. Miguu ilikuwa inamwomba ruhusa. Alijua kwamba akitoka sasa angemkuta uso wake umelowa, na angeusamehe, kwa sababu aliupenda uso ule, na jioni mambo yote yangeonekana kama hadithi ya kuchekesha wajukuu. Akayashika magoti yake kwa mikono miwili, akayazuia.

"Amesema nje, baba," alijibu. "Aliulizwa ndani."

Baada ya muda gari lilinguruma, likateremka kona ya kwanza, ya pili, mpaka mlima ukalimeza.

Atupele aliinuka. Alichukua mwiko, akaingia jikoni, ambako wali na kuku wa posa walikuwa wanapoa bila mwenyewe.

"Shangazi, waite waliopo uani," alisema. "Leta sahani. Watu wamesimama tangu asubuhi, wana njaa."

"Wewe kaa, nitapakua mimi."

"Nitapakua mwenyewe."

Alifunua sufuria kubwa. Machozi yalimjia yote kwa pamoja, naye akayaacha yatoke, maana mvuke ulikuwa mwingi, na aliyekuwa wa kwanza kushika sahani hakumuuliza kitu.